Mama Safiya Anaongoza Saba kwa Nne

Kijiwe chetu kiko Kabondo, hapa Kisangani, kwenye kona ya avenue mbili ambazo zamani zilikuwa na vibao vya majina na sasa zimebaki na nguzo tu. Ni ubao mmoja mnene wa mti wa msitu wa Bafwasende, umelazwa juu ya rimu mbili za lori, umeegemea ukuta wa nyumba namba kumi na nne. Nyumba ni ya Mama Safiya, na kahawa pia ni yake: kahawa ya tangawizi, termosi tatu kila asubuhi, vikombe sita, kwa hiyo ukichelewa unasubiri mwenzako amalize. Wa kila siku tuko wanne. Kuna Papa Alphonse, mtumishi wa Serikali aliyestaafu, tunamwita Préambule kwa sababu hawezi kuomba hata sukari bila utangulizi. Kuna Osée, tunamwita Butembo, mji alikotoka. Anauza misumari, saruji na mabati, na funguo za depo zake tatu zinaning'inia kiunoni na kulia kila anapocheka. Kuna Eddy Frein, dereva wa pikipiki ya abiria, ambaye jina lake linatokana na breki ambazo pikipiki yake haina. Na mimi, Bic, kama ile kalamu, ninayeandikia watu barua mbele ya ofisi ya komini. Kazi yangu imenifundisha kusoma maandishi yakiwa kichwa chini miguu juu, na kwa siku ninayoisimulia hapa, natamani nisingejua.

Kwanza nieleze hii saba kwa nne, maana mgeni anaweza kudhani ni mpira. Mji huu mzima unamkimbia mtoza kodi. Akionekana mwanzo wa avenue, milango inafungwa, na mtoto anatumwa nje aseme baba amekwenda Yanonge kununua samaki. Mama Safiya peke yake ndiye humkimbilia. Kila mwaka, juma la kwanza la Januari, anaacha termosi, anavaa kitenge chake cha sikukuu, anakwenda kupanga mstari wa kodi ya nyumba kabla ofisi haijafunguliwa. Anafanya hivyo kwa sababu ya shemeji yake, Sefu, ndugu wa marehemu bwana yake.

Bwana yake Mama Safiya alipokufa, Sefu alikuja matangani akaomba karatasi ya kununulia kiwanja, ati akaitolee fotokopi. Huu ni mwaka wa kumi na moja fotokopi inatolewa. Tangu hapo kila mmoja anasema nyumba ni yake, na kitu pekee chenye muhuri ni risiti ya kodi, ile tunayoita quittance. Karani wa kodi haulizi nyumba ni ya nani. Anauliza namba ya nyumba na jina la anayelipa, anapokea pesa za aliyefika kwanza, na wa pili anarudishwa. Kwa hiyo ni mbio. Miaka saba Mama Safiya alitangulia, miaka minne Sefu alitangulia. Kesi iko mahakamani, na hakimu alisema ataangalia nani anayeilipia nyumba. Quittance saba za mama zinalala ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, chini ya kitanda, na sisi kwenye ubao tunahesabu kama watangazaji wa redio: saba kwa nne, mama anaongoza.

Basi redio ikasoma tangazo. Kodi ya nyumba inaondoka. Kuanzia sasa kila mtu atalipa kufuatana na kile anachopata, revenu yake. Tulibishana wiki mbili. Asubuhi ya siku hiyo Frein alifika mbio, akaisimamisha pikipiki kwa kuzigonga rimu za ubao, kama kawaida yake.

— Banakuja! Maajenti bako avenue ya nyuma, na koti za manjano na mafomu. Mama Safiya, mimina, tunywe tungali batu huru.

Butembo alizitoa funguo kiunoni, akazitia mfukoni taratibu zisilie.

— Bon, alianza Préambule. Mbele ya yote, na kwa heshima ya bale bako hapa na bale habako, inafaa kwanza tutofautishe vitu mbili, hata tatu...

— Préambule, kahawa yako itapoa, alisema Frein.

— Donc. Nyumba inaonekana. Revenu haionekane. Nyumba haukimbie nayo, hauivushe muto na kuificha Lubunga. Ajenti anapita, anaona étage, nyumba juu ya nyumba, anasema huyu alipe. Mais revenu, nani alisha kuiona? Revenu yenye Serikali inajua iko moja tu: ile inalipa yeye mwenyewe. Alors nani atalipa? Fonctionnaire na retraité! Mi! Pension yangu inafikaka siku jua inapatwa, na batakata juu yake mbele haijafika.

— Mi siko na shida, alisema Butembo. Mi siko na revenu.

— Butembo! Na depo tatu? alidakia Frein.

— Depo iko na stock. Stock haiko revenu. Ukiuza unanunua ingine. Mi napitishaka tu vitu. Niko sawa na bac ya Lubunga: batu banavuka, banaenda kwabo, bac inabakia pale pale kwa maji.

— Na ile étage ulijenga na nini?

— Na baraka.

Tulimcheka, naye akacheka pamoja nasi, mkono ukikaza mfuko. Wote tulijua étage yake ndiyo iliyokuwa inamlipisha kuliko kitu chochote hapa duniani. Sasa nyumba haitaulizwa tena. Ataulizwa yeye, na yeye anajua kujibu.

— Mi najua namna batafanya, alisema Frein. Batapita saa ya kula. Ajenti anafunua chungu. Pondu kavu, majani ya muhogo tupu: néant, hakuna kitu. Pondu na makayabu, samaki ya chumvi: kidogo. Nyama: ulipe. Kuku: ulipe na amende, faini juu yake.

— Basi tutafunga milango, nikasema.

— Batanusa! Bako na machine ya kunusa, inatoka China. Inapita inje ya ukuta, inasema: hapa kuku, nusu kilo.

— Kuku haiko kwa sheria, alisema Préambule. Kuna article... article yenye inafuata ile ya...

— Acheni kuku, alisema Butembo. Batapitia ku téléphone. Kila franka yenye mutu anakutumia kwa simu, iko revenu. Ndugu yako wa Goma anakutumia ya dawa ya mutoto: ah, umepata! Malaria itakuwa revenu.

— Na matanga! alidaka Frein. Batu banachanga, ajenti amekaa pale kwa kiti ya pelastiki, anaandika. Cousin alileta mbuzi. Tante alileta mufuko ya muchele. Unamuzika mama yako asubuhi, mangaribi banakuletea impôt yake, ulipe kodi.

Hapo tulicheka, halafu kicheko kikakatika. Mwaka huu hakuna aliyekaa kwenye ubao ule bila kuzika. Préambule alimzika mkewe, na mbuzi wa matanga aliletwa na Mama Safiya.

Nami sikutaka kubaki nyuma. Ubao wetu hauvumilii mtu aliyenyamaza.

— Mi nasema hivi. Batatuomba kila mutu aandike revenu yake na mukono yake. Siku moja, Kisangani muzima: néant, néant, néant. Wakubwa batasoma, bataogopa, batasema huu muji ulikufa na hatukuambiwa. Batatuma mahema na biscuits. Na mi nitaandikia batu karatasi ya umaskini, elfu moja kwa mutu, mbili ukitaka yenye kulia machozi.

— Unaona! alisema Butembo. Bic ndiye iko na revenu.

Wakati wote huo Mama Safiya alikuwa akimimina. Ana namna yake: anainua termosi juu, kahawa inashuka uzi mwembamba, tone halimwagiki. Alimaliza kikombe cha Frein, akafunga kifuniko.

— Na quittance yangu?

Hakuna aliyemsikia. Frein alikuwa amerudi kwenye machine ya kunusa, anaeleza kama inaweza kutofautisha kuku na bata.

— Nauliza, na quittance yangu?

— Mama, quittance ya nini tena? alisema Frein. Umepona! Januari utalala mpaka saa tatu. Utajifunika. Utakoroma.

— Sitaki kukoroma. Nataka kujua, Januari batanipatia karatasi gani yenye kuandikwa kumi na ine na jina yangu?

— Bon, alisema Préambule. Swali iko nzuri, hata nzuri sana, na mbele ya kuijibu...

Akanywa kahawa.

— Mechi imesimama, mama, alisema Butembo. Saba kwa ine. Arbitre alipiga filimbi na wewe uko mbele. Furahia.

— Hata Sefu alikubali, alisema Frein. Lundi, siku ya kwanza ya wiki ilipita, nilimubeba mpaka ku ofisi ya impôt. Alikuwa anaimba kwa mugongo yangu njia yote. Kushuka, akanipa na ya juu, akasema bakia nayo. Sefu! Yule mwenye kuombaka chenji ya mia! Ni kusema moyo yake ilipoa.

Mama Safiya aliweka termosi chini.

— Lundi ya wiki ilipita? Juu ya nini alienda ku ofisi ya impôt, kama impôt ya nyumba imekufa?

— Kuaga maiti, nikasema mimi.

Ubao ulitikisika kwa kicheko. Hata Préambule alitema kahawa. Nilisema vile kwa sababu ilinijia mdomoni, na nilifurahi jinsi ilivyopokelewa. Nina aibu nayo mpaka leo. Mimi ndiye niliyeandika barua zake zote za mahakamani, kahawa yangu ni ya bure kwa sababu hiyo, na kati yetu wote mimi ndiye niliyepaswa kulisikia swali lile. Mama Safiya hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na mkebe wake wa maziwa, akauweka mapajani, akaendelea kuuza.

Ajenti alifika saa nne hivi. Binti mmoja, koti la manjano limemzidi, viatu vimejaa vumbi, kwenye beji imeandikwa Nadège. Alisalimia vizuri, akaomba kikombe, akalipa kabla ya kunywa. Tulikuwa tumejiandaa kumchukia na hakutupa nafasi.

— Bapapa, msinichukie, alisema. Mi nalipwa kwa fomu. Nitaanza na mwenye kuwa karibu. Papa, revenu?

— Néant, alisema Butembo.

— Kazi?

— Natafuta.

Butembo alikaa wima, mkono mfukoni, asitikisike hata unywele. Binti aliandika.

— Tonton?

— Néant, alisema Frein. Hii pikipiki iko ya mwenyewe. Mi naipelekaka tu matembezi.

— Papa?

Préambule alianza na historia ya pension tangu mwaka aliostaafu. Binti alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, akaandika néant. Alipofika kwangu nikasema néant kabla hajauliza, na ilitoka laini, kama mtu anayeitikia misa. Wanne, dakika tano, na mtaa ulikuwa umekwisha kuwa maskini kama nilivyotabiri. Frein alinikonyeza.

— Mi niko na revenu, alisema Mama Safiya.

Tuligeuka wote.

— Mama! alinong'ona Butembo. Usiseme hivyo!

— Niko nayo. Termosi tatu kila siku, dimanche, siku ya misa, mbili. Andika, binti yangu. Ukitaka kuandika kubwa, andika kubwa. Nitalipa. Mais uandike pia namba ya nyumba, na jina yangu, na muhuri.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa alichokuwa anauliza tangu asubuhi. Kama karatasi ya nyumba haitolewi tena, atanunua karatasi ya kahawa, mradi iwe na kumi na nne juu yake. Alikuwa tayari kulipa kodi ya pesa asizokuwa nazo, kama alivyokuwa tayari kila Januari, kwa ajili ya muhuri. Sisi tulikuwa tumekaa kwenye ukuta wake tunahesabu kuku.

Binti alifungua daftari jingine, lenye orodha, akapitisha kalamu.

— Kumi na ine... Ah, mama, kumi na ine iko tayari.

— Tayari namna gani?

— Propriétaire alisha déclarer, alisha kujiandikisha, ku ofisi, yeye mwenyewe. Lundi ya wiki ilipita. Papa Sefu. Revenu locative: nyumba moja, mupangaji moja. Banaandika hapa: Safiya, muuza kahawa. Iko wewe?

Frein aliitazama pikipiki yake kana kwamba ndiyo iliyomtia Mama Safiya kisu. Wiki mbili tulikuwa tumemaliza maneno yote ya mji huu juu ya namna ya kuficha kipato. Hata mmoja wetu hakuwaza kwamba kuna mtu atajitungia kipato. Sefu aliandika kwamba anapokea pango la nyumba namba kumi na nne, pango ambalo hajawahi kulishika mkononi, na atalipia kodi yake kila mwaka kwa furaha, akiimba. Kwa kodi hiyo atapewa karatasi, na kwenye karatasi yeye ni mwenye nyumba na Mama Safiya ni mpangaji wake. Mbio zimekwisha, na alizishinda mbio ambazo sisi hatukujua kama zimeanza.

— Hii iko kwangu, alisema Mama Safiya. Nyumba iko kwangu. Bwana yangu aliijenga, mi mwenyewe nilibeba maji ya matofali.

— Naelewa, mama. Mais mi fomu yangu haiko na fasi ya kuandika nyumba ya nani. Iko na fasi ya revenu. Mambo ya nyumba iko tribunal, kwa hakimu.

Mama Safiya alifungua mkebe. Alizitoa quittance moja moja, akazipanga juu ya ubao kati ya kikombe changu na cha Préambule, saba, za zamani zimegeuka njano, kila moja na muhuri wake. Binti aliinama akazitazama kweli, hakujifanya. Aliigusa moja kwa kidole.

— Hizi ziko za impôt ya zamani, alisema polepole. Ziko nzuri. Mais sina fasi ya kuziweka.

— Préambule, alisema Mama Safiya. Wewe ulifanya kazi ya Serikali miaka makumi tatu. Muambie.

Préambule alifungua mdomo. Nilingoja utangulizi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue haukuja, akabaki anageuza kikombe.

— Samahani, mama, alisema binti. Niko na maswali mbili tu, kisha nakuacha. Kwa mwezi unalipaka loyer ngapi?

— Loyer? Silipake loyer! Mutu analipaka loyer kwake mwenyewe?

Kalamu ilitembea. Daftari lilikuwa magotini kwake, limenigeukia kichwa chini miguu juu, na mimi nilisoma. Kwenye mstari wa mupangaji, penye loyer, yaani pango, aliandika: halipi, neno linalotosha mbele ya hakimu kumtoa mpangaji nyumbani. Halafu akashuka kwenye swali la mwisho, akalisoma kwanza kimya kimya, na niliona kwamba hakulipenda. Lakini lilikuwa limechapwa pale, na analipwa kwa fomu.

— Haulipake tangu lini?

Quittance saba zilikuwa mbele yetu. Upepo uliinua ya mwisho, ya Januari hii, Butembo akaikandamiza kwa mkono, ule mkono uliokuwa mfukoni, na funguo zikalia. Binti aligeuka kuzitazama, kisha akairudisha kalamu kwenye mstari wa Mama Safiya, akasubiri tarehe, ambayo mama akiitaja tu amekubali kuwa mpangaji wa Sefu. Tulikuwa wanne kwenye ubao ule, wasemaji wote. Mama Safiya alitutazama mmoja baada ya mwingine, akianzia kwangu.